Meza Iko Wapi?

Louisville, Kentucky

Kamusi yenyewe ni nyembamba. Kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili, neno kwa neno, bila maelezo wala mfano wa sentensi. Imetengenezwa hivyo makusudi, kwa kuwa kamusi inayoeleza maana ingeweza kumpa mtahiniwa jibu, na hii inaruhusiwa kuingia naye chumba cha mtihani. Nimeikuta juu ya meza ya jikoni, kando ya bakuli la sombe, yaani kisamvu, nyumbani kwa familia ya Kikongo inayoishi kusini mwa mji huu.

"Shikamoo, Mwalimu," kijana wa nyumba akanisalimia. Ana miaka 13. Alizaliwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996 kuwapokea waliokimbia vita vya Kongo, na shikamoo yetu amekuja nayo mpaka ukingoni mwa mto Ohio. Mama yake ni mtu wa Fizi, mashariki mwa Kongo. Mimi nimefundisha Biolojia miaka 31 katika sekondari za Dodoma na Singida, nimesimamia mitihani mingi, na nimekuja Marekani kumtembelea binti wa marehemu dada yangu. Yeye ndiye aliyenileta kwenye nyumba hii, maana anajua mambo ya watoto na mitihani yanavyonikaa rohoni.

Kijana alikuwa anafanya maswali ya mazoezi kwenye kompyuta ndogo aliyopewa na shule. Nikaketi naye. Swali lilikuwa la uwiano: tumia "table" kutafuta idadi ya yadi za kitambaa zinazohitajika kushona magauni 12. Akafungua kamusi. Table, meza. Akarudi kwenye skrini, akatazama juu, akatazama chini, akapandisha ukurasa, akaushusha.

"Meza iko wapi?"

Ilikuwa mbele yake, safu mbili na mistari minne. Nikamwambia kwamba hapa neno lile ni jedwali. Akaandika jibu kabla sijamaliza kulisoma swali mimi mwenyewe, na jibu lilikuwa sahihi. Usiku ule niliandika kwenye daftari: uwiano anaujua, kilichomkwamisha ni meza.

Wamarekani wana jina la kiserikali kwa mtoto kama huyu, mwanafunzi anayejifunza Kiingereza. Katika shule zao za umma wapo zaidi ya milioni 5, karibu mmoja katika kila wanafunzi kumi. Wengi mno ni wa Kihispania, lakini Kiswahili nacho kimo katika orodha ya lugha zinazotajwa mwanzoni, na hapa Louisville husikika sana kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo. Kila mtoto wa namna hiyo huandikiwa mpango: aruhusiwe kamusi, aongezewe muda, maswali ya hisabati asomewe na kompyuta kupitia vipokea sauti, akae chumba chenye watu wachache. Akiwa bado hajamaliza mwaka tangu afike nchini, anaweza kusamehewa mara moja mtihani wa kusoma Kiingereza. Wa hisabati ataufanya.

Mwalimu wake, niliyezungumza naye kwa simu, alinieleza jambo ambalo sikulitarajia. Msaada anaopewa mtoto siku ya mtihani anatakiwa awe ameuzoea mwaka mzima darasani. Kamusi haiji asubuhi ya mtihani kama mgeni. Mtoto ambaye hajawahi kutumia kamusi atapoteza muda kuifungua, na ule muda wa nyongeza utaishia kwenye kurasa. Niliposikia hivyo nikakumbuka miwani na vifaa vya kukuzia maandishi tulivyowahi kuletewa na wafadhili wiki moja kabla ya mtihani, tukawagawia watoto kwa furaha, na watoto wakavivua baada ya nusu saa kwa sababu viliwaumiza vichwa.

Haki hii haikuanguka kutoka mbinguni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kulikuwa na wanafunzi wapatao 1,800 wa asili ya Kichina mjini San Francisco waliokaa darasani bila kuelewa lugha ya mwalimu na bila msaada wowote. Wazazi wakaenda mahakamani. Kesi hiyo, Lau dhidi ya Nichols, ilifika Mahakama ya Juu, na Januari 1974 majaji wote wakakubaliana: kuwapa watoto vitabu vilevile, walimu walewale na mtaala uleule si kuwatendea sawa, ikiwa lugha inayotumika hawaielewi.

Niliirudia hoja hiyo mara kadhaa. Sisi wasimamizi wa mitihani tumelelewa tukiamini kinyume chake. Kwetu usawa ni pepa moja, saa moja, bahasha zifunguliwe mbele ya mashahidi, na kila mtu akae umbali wake. Wizi wa mitihani umetutia hofu kiasi kwamba chochote anachopewa mmoja na mwenzake hakupewa kinanukia udanganyifu.

*

Mama wa kijana ana binti pia, wa miaka 9, na habari ya binti huyo ndiyo iliyotukalisha mpaka saa nne usiku.

Shule imemwita mama kikaoni. Wanasema mtoto anachelewa kusoma, wanataka apimwe kama ana ulemavu wa kujifunza. Sheria ya Marekani, iliyopitishwa mwaka 1975 na kurekebishwa mara kadhaa, inamtaka mzazi awe ndani ya kikao hicho, apewe mkalimani, na asipotoa ridhaa mtoto hapimwi mara ya kwanza. Ni sheria nzuri. Lakini mkalimani alikuwa kwenye simu, mbali, na alipofika kwenye neno la Kiingereza la ulemavu wa kujifunza alilitafsiri kuwa ulemavu wa akili.

"Niliinuka, Mama Mwalimu," akaniambia. "Nikawaambia, mutoto wangu hana kilema cha kichwa. Nikachukua mukoba wangu, nikaenda."

Sikumlaumu, na sikuwalaumu waliomwita. Kuna kesi nyingine ya zamani huku, ya watoto tisa wa familia za Kimeksiko katika jimbo la California. Walipimwa akili kwa Kiingereza, lugha ambayo hawakuijua vizuri, wakapelekwa kwenye madarasa ya watoto wenye upungufu wa akili. Walipopimwa tena kwa Kihispania, wengi wao walionekana hawana upungufu wowote. Kesi hiyo, iliyopewa jina la Diana, ilimalizika kwa makubaliano mwaka 1970, na tangu hapo watoto wa California wanatakiwa kupimwa kwa lugha yao. Mama wa Fizi hajawahi kuisikia kesi ya Diana. Hofu yake ilikuwa ileile.

Kwa hiyo nilimwomba ruhusa nikae na binti. Nilimpa sentensi tatu za Kiswahili, akashindwa kuzisoma. Lakini hilo halikuniambia kitu, kwa sababu hajawahi kufundishwa kusoma kwa Kiswahili. Aliondoka kambini akiwa na miaka mitano. Nikamwomba basi anisimulie hadithi yoyote. Akanisimulia sungura na fisi kwenye kisima, kuanzia mwanzo hadi mwisho, akibadili sauti kwa kila mnyama, hakuruka kitu. Mama akatabasamu. Kisha nikamwandikia herufi za jina lake kwenye vikaratasi, nikazichanganya, nikamwambia azipange. Alizipanga vibaya mara nne. Jina lake lina herufi tano tu, na hulisikia kila siku ya maisha yake.

Nilimwambia mama nilichokiona, bila kupunguza. Mtoto huyu ana akili na ana kumbukumbu. Inawezekana pia kwamba herufi zinamsumbua kwa namna ambayo Kiingereza peke yake hakiielezi. Mambo mawili yanaweza kukaa ndani ya mtoto mmoja, na likitibiwa moja lingine likaachwa, hatasoma. Nikamwambia arudi kikaoni, adai mkalimani aje ana kwa ana, na aulize swali moja: mtampima kwa lugha gani?

"Nitarudia," akasema. "Lakini neno lile wasiliseme tena."

Kiswahili nacho kina deni hapa. Tumesema ulemavu wa viungo, uoni hafifu, ukiziwi, ualbino, na maneno hayo yamezoeleka. Hali ya mtoto mwenye akili timamu ambaye herufi zinamkimbia hatujaipa neno ambalo mkalimani aliyechoka angelitoa mdomoni papo hapo bila kumuumiza mama.

*

Siku ya pili nilikwenda Frankfort Avenue kutazama jengo la American Printing House for the Blind. Shirika hilo la kuchapa vitabu vya wasioona lilianzishwa mwaka 1858, na mwaka 1879 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kulitengea fedha kila mwaka ili watoto wasioona wa nchi nzima wapate vitabu. Nilikaa kwenye benchi ng'ambo ya barabara muda mrefu. Nimefanya kazi katika shule ambayo wanafunzi wanne wasioona walishirikiana kitabu kimoja cha nukta nundu. Mmoja alisoma alfajiri, mmoja adhuhuri, mmoja jioni, na wa nne usiku, kwa kuwa yeye hakuhitaji taa na hakuna aliyeona ubaya kumpa zamu hiyo.

Watu wengi hudhani kumpa asiyeona pepa ya nukta nundu ndiyo kumaliza kazi. Chukua lile jedwali la kijana wa Kikongo. Jicho huliona lote kwa mpigo mmoja, safu na mistari. Kidole hukutana na alama moja baada ya nyingine. Ili kujua namba aliyoigusa ni ya mstari gani, mtoto asiyeona hurudi kushoto, hupanda juu kwenye kichwa cha safu, hushuka tena, na muda wote huo anabeba namba kichwani. Naye anauliza meza iko wapi, kwa njia yake.

Baraza la Mitihani la Tanzania linalijua hilo. Utaratibu wake kwa watahiniwa wasioona na wenye uoni hafifu ni dakika 20 za nyongeza kwa kila saa ya Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa ya masomo mengine. Nimewahi kusikia walimu wakilalamika kwamba tofauti hiyo haina mantiki. Ina mantiki kubwa. Aliyeipanga alijua kwamba insha husomwa ikienda mbele tu, lakini hisabati humrudisha msomaji nyuma kila hatua. Ninachouliza ni kama zinatosha. Dakika 20 kwa saa ni theluthi moja. Marekani nyongeza ya kawaida katika mitihani ya kuingia chuo ni nusu ya muda, na wengine hupewa muda maradufu.

Cambridge, Massachusetts

Hapa nilikuja kwa ajili ya mtu mmoja aliyekwisha kufa. Helen Keller hakuona wala kusikia, na mwaka 1897 alifanya sehemu ya kwanza ya mitihani ya kuingia chuo cha Radcliffe. Alikuwa na namba ya mtihani kama kila mtu, 233, lakini namba hiyo haikumficha, kwa kuwa alitumia mashine ya kuandikia na ilijulikana mara moja pepa ni ya nani. Walimweka chumba cha peke yake ili kelele za mashine zisiwasumbue wengine. Mkuu wa shule aliyokuwa akisoma alimsomea maswali yote kwa herufi za vidole kiganjani, na mlangoni akawekwa mlinzi.

Chumba cha peke yake, msomaji, chombo cha kuandikia, mlinzi: ukisoma leo orodha ya misaada inayoruhusiwa katika mitihani ya Marekani utayakuta karibu yote hayo, miaka zaidi ya 120 baadaye.

Kinachonigusa zaidi ni sehemu ya pili, ya mwaka 1899. Safari hiyo chuo hakikumruhusu mwalimu wake amsomee. Pepa zilinakiliwa kwa nukta nundu na mtu asiyemfahamu, asiyeweza kuzungumza naye kwa vidole, na msimamizi naye alikuwa mgeni. Katika lugha mambo yalikwenda. Ilipofika aljebra, alama zilimchanganya. Wakati huo Marekani ilikuwa na mifumo kadhaa ya nukta iliyogombana, na Helen alikuwa amezoea alama za hisabati za Kiingereza, siyo za Kimarekani. Siku chache kabla ya mtihani ndipo alipogundua, akaanza kujifunza upya mabano na alama za kipeuo cha pili. Alifaulu, akamaliza chuo mwaka 1904 kwa heshima. Mgogoro wa nukta haukumalizika mpaka mwaka 1932.

Kwa hiyo msichana aliyejua aljebra alikaa akitafuta mabano. Nilipokuwa nikitembea kwenye bustani ya Radcliffe nilimwona kijana wa Louisville akipandisha ukurasa na kuushusha.

*

Watertown iko karibu na hapa. Ndiko ilipo shule ya Perkins, na ndiko mwalimu wa ufundi David Abraham alikobuni mashine ya nukta nundu iliyoanza kuuzwa mwaka 1951. Walimu wa elimu maalumu kwetu huiita Perkins tu, hata wasiojua kwamba ni jina la shule. Ina vitufe sita vya nukta na kimoja cha nafasi, uzito wake unakaribia kilo tano, na mstari unapokaribia mwisho hulia kengele. Nilipoisikia kengele hiyo kwenye chumba cha maonyesho, miaka 22 ilirudi nyuma mara moja, nikajikuta tena kwenye chumba cha mtihani.

Nilikuwa msimamizi katika shule moja ya kanda ya kati. Kulikuwa na mtahiniwa wa kidato cha nne mwenye ualbino. Wakati wa usajili shule yake haikujaza kwamba ana uoni hafifu, kwa hiyo bahasha ya maandishi makubwa haikuja. Alipewa pepa ya kawaida. Akaiinua mpaka ikagusa pua. Kiti chake kilikuwa karibu na dirisha la mashariki na jua la asubuhi lilimpiga usoni. Akaniomba ahame. Nilikataa, kwa kuwa mpangilio wa viti ulikuwa umesainiwa.

Nilikuwa na uwezo wa kumhamisha. Ningeandika taarifa, ningeeleza sababu, na sidhani kama kuna mtu angenilaumu. Sikuwa na pepa ya maandishi makubwa, lakini kivuli nilikuwa nacho, upande wa pili wa chumba, viti vitatu vitupu. Niliogopa. Kijana yule aliandika kwa saa tatu akiwa amefumba jicho moja. Sijui alipata nini, na sijapata usingizi mzuri kila nikilifikiria jambo hilo.

*

Nilimuuliza mwalimu mmoja wa hapa Massachusetts watoto wenye ulemavu huongezewa dakika ngapi katika mtihani wa jimbo, ule wanaouita MCAS. Akanijibu kwamba hakuna dakika za kuongeza kwa sababu hakuna muda uliowekwa. Mtihani hauna saa. Kuna makadirio ya muda ambao wengi humaliza, na mwanafunzi yeyote ambaye bado anafanya kazi huendelea, alimradi siku ya shule haijaisha. Yeyote, mwenye ulemavu na asiye nao, mzaliwa wa hapa na aliyeshuka jana uwanja wa ndege.

Hili nalipenda kuliko yote niliyoyaona katika safari hii. Nimesimama mbele ya vyumba vya mtihani miaka yote ile nikitangaza zimebaki dakika kumi na tano, na nimeona mikono ikianza kutetemeka. Kasi ni ujuzi, sikatai. Nesi na rubani wanauhitaji. Lakini nani alituambia kwamba mwanafunzi anayeeleza usanisinuru kwa dakika 40 anaujua kuliko anayeueleza kwa dakika 60? Ukiiondoa saa, nusu ya maombi ya huruma yanaisha, na hakuna anayenyooshewa kidole kwamba amependelewa.

Na udanganyifu nao unakosa pa kushika. Mwaka 2019 waendesha mashtaka wa hapa Boston walifichua mtandao wa wazazi matajiri waliowanunulia watoto wao nafasi za vyuo. Moja ya njia ilikuwa kuwatafutia vyeti vya ulemavu ili wapewe muda wa nyongeza na kufanyia mtihani kwenye kituo ambako majibu yangerekebishwa. Waliuza dakika. Dakika zina bei pale tu zinapogawiwa kwa kibaba.

Nisiwasifie kupita kiasi. Kamusi ya neno kwa neno ni ruhusa hapa pia, na pia hapa haimsaidii asiyesoma lugha yake mwenyewe. Toleo la hisabati la gredi ya 10 lipo kwa Kihispania sambamba na Kiingereza. La Kiswahili halipo. Tena kuna mahali ambapo msaada hugonga ukuta. Mtoto asiyeweza kusoma anaweza kusomewa swali la hisabati. Je, asomewe mtihani wa kusoma? Jimbo linaruhusu kwa wachache sana, kwa masharti magumu, kwa kuwa pepa hiyo inapima kusoma kwenyewe. Naona wana haki ya kusita. Msaada mzuri unaondoa kizuizi kilichosimama mbele ya somo, na ukiligusa somo lenyewe umempa mtoto alama ambayo kesho itamsaliti. Ni mstari mwembamba, na mtu anayeuchora inampasa aseme waziwazi pepa yake inapima kitu gani. Nimetunga mitihani ya shule kwa miaka mingi bila mtu kuniuliza swali hilo hata mara moja.

Nairobi

Saa sita tu, kati ya ndege na ndege. Rafiki yangu, mwalimu wa viziwi, alikuja uwanjani. Kenya imefanya jambo kubwa: mtahiniwa kiziwi hufanya mtihani wa Lugha ya Alama ya Kenya mahali pa Kiswahili. Katiba yao ya 2010 inaitaja lugha hiyo kuwa ya kuendelezwa na kutumiwa, na baraza lao la mitihani linaitahini kama somo. "Zamani mtoto wangu alipimwa sauti ambayo hajawahi kuisikia," akaniambia. "Ngeli, vitate, mizani ya shairi. Sasa anapimwa lugha yake." Fizikia na Historia bado anaziandika kwa Kiingereza, lugha ambayo kwake ni ya pili au ya tatu, na ambayo hakuipata kwa masikio.

Kwa hiyo kiziwi wa Nairobi na kijana wa Nyarugusu ni ndugu. Mmoja anaitwa mlemavu, mwingine anaitwa mgeni, na wote wawili wanasoma swali kwa lugha ya watu.

Dodoma

Nimerudi wiki tatu sasa. Nilidhani nitaandika habari za nukta nundu na maandishi makubwa, na hayo nitayasema kwa walimu wenzangu, hasa fomu za usajili, ambazo zinajazwa mwanzoni mwa mwaka wakati hakuna anayefikiria jua la dirishani. Lakini kinachonirudia ni ile kamusi.

Kule Marekani, mtoto anayezungumza Kiswahili na kufanya mtihani kwa Kiingereza ana jina, ana mpango wa maandishi, ana kamusi na muda. Hapa mtoto wa shule ya serikali husoma kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, anaingia kidato cha kwanza, na kuanzia hapo Biolojia, Jiografia na Hisabati anatahiniwa kwa Kiingereza. Hana jina wala mpango. Hayumo katika mahitaji maalumu, kwa kuwa yeye ndiye kila mtu. Akikutwa na kamusi ndani ya chumba cha mtihani ni mdanganyifu. Kijana wa Kikongo akiwa Kentucky anatetewa na sheria kwa jambo ambalo mwenyeji wa Dodoma akiwa Dodoma analibeba peke yake.

Tuliambiwa mapema. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba kuanzia Januari 1985 kidato cha kwanza kianze kufundishwa kwa Kiswahili. Serikali haikukubali. Nilikuwa bado sijaanza kazi. Nimefundisha maisha yangu yote ndani ya uamuzi ule, nikieleza moyo na mapafu kwa Kiswahili mlango ukiwa umefungwa, kisha nikiandika ubaoni kwa Kiingereza ili mkaguzi asije akanikuta. Na niliposahihisha nilikata alama. Mtoto aliandika "the root is hold the soil" nikampa nusu, ingawa mzizi ndivyo unavyofanya.

Jana jioni alikuja mjukuu wa jirani, yuko kidato cha kwanza, wana mtihani wa muhula Jumatatu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekwama wapi?"

Akaniwekea daftari mapajani. Swali lilisema: "State two functions of the root." Akaniambia wamefundishwa kwamba state ni dola, na ameshindwa kuelewa dola inahusianaje na mzizi. Nikamwambia hapa maana yake ni taja. Akasema basi anajua, mzizi hunyonya maji na madini, na hushikilia mmea ardhini. Alisema haraka, kama mtu anayetua mzigo.

Nikaingia ndani nikamletea kamusi. Familia ile ilinipa moja niondoke nayo. Akaigeuza, akafungua, akapitisha kidole kwenye safu ya kulia, akaniuliza kama anaweza kuingia nayo Jumatatu.

"Hapana," nikamwambia. "Watakunyang'anya mlangoni."

Hakubishana. Akakaa kwenye mkeka, akafungua ukurasa wa nyuma wa daftari, akaanza kunakili na kusoma kwa sauti ili maneno yakae kichwani kabla ya siku hiyo. Root, mzizi. Soil, udongo. State, taja. Alipofika herufi ya T akasoma, "Table, meza."

"Na jedwali," nikamwambia. "Andika na jedwali."